Kesi ya Ukuta Usio na Dirisha

Nchi hii ilikuwa na jina, tena jina zuri, lakini Serikali ililiondoa kwenye ramani ili maadui wasijue pa kuja. Wageni waliotaka kuitembelea walipotea njiani, jambo lililothibitisha kwamba hawakuwa na nia njema tangu mwanzo.

Wenyeji walitambuana kwa salamu. Wazee wanasema kuwa zamani watu wa huko walijuliana hali kama watu wengine wote duniani. Kisha Mlezi Mkuu wa Taifa akahutubia redioni mchana kutwa, akaeleza kwamba kumuuliza mtu hali yake ni kupoteza nafasi ya kumuuliza jambo la maana. Tangu siku hiyo, waliokutana njiani waliulizana, "Unaficha nini?" na jibu likawa, "Sifichi kitu." Mdogo alipokutana na mkubwa wake aliinamisha kichwa na kusema, "Nakushuku," na mkubwa, kwa upole wa umri wake, akajibu, "Nishuku tena." Salamu za zamani zilipigwa marufuku. Aliyesikika akimwambia mwenzake "hujambo" aliitwa akaulizwa kwa nini anataka kujua.

Juu ya mlango wa kila ofisi paliandikwa kwa herufi za dhahabu: Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa sababu hiyo watumishi wa umma walikatazwa kuvaa makoti.

Tena kila mtumishi alipewa mshukiaji wake, mtu wa kukaa nyuma yake na kumshuku kwa niaba ya taifa. Mshukiaji naye alikuwa na mshukiaji wake, na huyo na wake, hivi kwamba ofisi moja yenye karani mmoja mwenye kazi ilihitaji viti vingi sana. Taarifa za mashaka zilitolewa kwa mdomo kila mwisho wa juma, kwa kuwa karatasi nazo zilishukiwa.

*

Sikudhani Mlekwa alikuwa na jambo ambalo kwingine lingeitwa tabia: alikuwa na haya. Akisemeshwa, alitazama vidole vya miguu yake. Akisifiwa, alijikwaa. Katika nchi hii haya ilihesabiwa kuwa dalili, na mwenye dalili hutafutiwa ugonjwa. Alipohitimu uhandisi wa majengo na kupangiwa Wizara ya Mashaka, hakupewa mshukiaji wa kawaida. Alipewa mkongwe, Mzee Ngwali, aliyewahi kuwashuku mawaziri wawili mpaka wakakonda.

Mzee Ngwali alikaa nyuma yake miaka yote iliyofuata, akimtazama kisogo. Alikijua kisogo cha binti huyo kuliko alivyoujua uso wake. Alijua kinavyoinama akiwa na njaa, na kinavyokakamaa akikosea hesabu. Nyuma ya Mzee Ngwali alikaa mama mmoja aliyemshuku yeye huku akisuka ukili, na mkeka wake ulikuwa umeshafika mlangoni.

Uani mwa wizara palikuwa na toroli la mchanga. Lilishukiwa zamani, baada ya kukutwa limeegeshwa likielekea dirisha la waziri. Sheria ya Mashaka inasema wazi kwamba kilichoshukiwa rasmi hakiguswi, hakihamishwi, wala hakipunguzwi hata punje, mpaka kesi yake iishe. Na kwa kuwa kumaliza kesi ni kukiri kwamba mashaka yameisha, hakuna hakimu aliyewahi kuthubutu. Toroli likabaki palepale, gurudumu limeoza, na askari mwenye bunduki kando yake. Barabara ya kuingilia wizarani ilipojengwa, ilipindishwa ili ilizunguke. Watumishi walikuwa wamelizoea, wakalipita kila siku bila kuliona, kama mtu asivyoiona pua yake.

*

Mlezi Mkuu aliagiza Wizara ya Mashaka ijengewe kando ya ua huo jumba la ghorofa kumi na mbili, lote vioo, ili kila karani aonekane kutoka kila upande, na Sikudhani ndiye aliyelichora. Alichora vioo kama alivyoagizwa. Alichora nguzo nyembamba zisizoweza kumficha mtu. Lakini katikati, kuzunguka ngazi na lifti, aliweka kuta nne za zege nene zilizoshonwa nondo, kutoka ndani ya msingi hadi kwenye paa, mbili zikikabili barabara na mbili zikizikata hizo. Hazikuwa na dirisha, wala mlango isipokuwa upenyo mwembamba wa kupitia watu pembeni, wala hata tundu la kupitisha waya.

Alikuwa na sababu. Rasmi, ardhi ya nchi hii haikutetemeka. Ilipotikisika, redio ilitangaza kwamba ardhi imempigia makofi Mlezi Mkuu, na wananchi waliojificha chini ya meza walitakiwa watoke wakaitikie. Sikudhani alikuwa darasa la nne siku ardhi ilipopiga makofi kupita kiasi. Shule yao ya ghorofa ilisimama juu ya nguzo tupu, kwa sababu chini palihitajika uwazi wa gwaride. Ilikwenda kulia, ikarudi kushoto, kisha ikalala ubavu. Redio ilisema shule imepumzika. Rafiki yake Riziki, waliyekaa naye dawati moja, hakutoka. Sikudhani alikua, akaenda chuo, akasoma kuta.

Jumba lilipokamilika na watu kuhamia, kila asubuhi kabla hajaketi aliugusa ukuta wa mbele kwa kiganja, kama mtu agusavyo paji la uso la mtoto mwenye homa. Mzee Ngwali aliliona hilo. Hakulisema kwenye taarifa zake. Alijiambia kuwa bado analishuku.

*

Waziri wa Mashaka alikuwa Mheshimiwa Daktari Fumbwe Mkunazi. Udaktari wake alijitunuku mwenyewe, baada ya kushuku kwamba vyuo vingemnyima. Alipokuja kukagua jumba, alitembea akitabasamu katikati ya vioo mpaka alipofika kwenye ukuta wa mbele, ghorofa ya chini. Hapo tabasamu likamtoka. Akaugonga. Haukulia.

"Huu nao una nini?" akauliza.

Sikudhani akatazama vidole vya miguu yake. "Ni zege, Mheshimiwa."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekuuliza una nini."

"Una nondo."

"Nondo. Ndani." Waziri akawageukia wasaidizi wake, nao wakatikisa vichwa kwa pamoja. "Na mbona hauna dirisha? Jumba zima ni la vioo, mpaka choo changu ni cha vioo, halafu huyu peke yake kajifunika gubigubi. Mwenzako asipofunua uso, bibie, wewe unamwelewaje?"

Akaeleza mpango wake. Ng'ambo ya barabara, Wizara ya Furaha ilikuwa na jumba linalofanana na hili, kazi ya Sikudhani vilevile. Waziri wake alikuwa ameshazitoboa kuta zake za chini, akatia Dirisha la Uwazi, pana kama lango la ngome, hivi kwamba mtu akisimama barabarani aliona ndani mpaka nje upande wa pili na kuridhika kuwa hakuna furaha iliyofichwa. Magazeti yalimsifu kwa juma zima. Wizara ya Mashaka haingekubali kushindwa uwazi na watu wa furaha. Ukuta huu utakatwa, tena chini kabisa, mahali ambapo kila mpita njia ataona.

"Mheshimiwa," Sikudhani akasema kwa sauti ambayo wasaidizi walilazimika kuinama ili waisikie, "chini ndipo unapofanya kazi zaidi kuliko popote. Ukikata hapo, juu kuna watu."

"Andikeni hilo," Waziri akasema. "Amekiri kuwa kuna watu."

*

Hata hivyo, nchi hii ilikuwa ya sheria, na ukuta haukuweza kukatwa bila kuhojiwa. Kikao kilifanyika palepale, ghorofa ya chini. Waziri na wajumbe walipanga viti kuukabili. Waliuuliza jina lake, ulikozaliwa na unamfanyia nani kazi. Ukuta haukujibu. Waziri, akiwa mwenyekiti, aliupa muda wa kutafakari, akaagiza chai, kisha akatamka kwamba kunyamaza kwake ni kiburi.

Ndipo akaitwa Sikudhani. Mzee Ngwali akaja na kiti chake nyuma yake, na yule mama wa ukili nyuma ya Mzee, mkeka ukiburuzika.

Mjumbe mmoja, aliyejulikana kwa akili, alikuwa amezunguka jumba zima na kugundua kitu. Sakafu, alisema, zimelala juu ya boriti, na boriti juu ya nguzo. Nguzo zinabeba, boriti zinabeba, hata ngazi zinabeba watu. Sasa huyu bwana mnene katikati ya nyumba anafanya nini? Anakula saruji ya taifa na kukaa.

Sikudhani hakuwa na sauti ya kujibu umati, lakini mikono yake ilikuwa na ujasiri ambao ulimi wake haukupewa. Aliomba ruhusa, akaiendea rafu ya mbao iliyosimama pembeni, ile yenye vikombe vya wizara na picha ya Mlezi Mkuu juu yake. Akaisukuma ubavuni. Haikutikisika. Kisha akaichomoa misumari midogo ya nyuma, akaubandua ubao mwembamba wa mgongoni, akauweka sakafuni. Akaisukuma tena, kwa kidole kimoja.

Rafu ikapinda yote kwa pamoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Vikombe vikakimbilia upande mmoja. Picha ya Mlezi Mkuu ikainama mbele, ikamsujudia karani wa masjala, na kikao kizima kikasimama kwa hofu.

Sikudhani aliikamata kabla haijaanguka. Alieleza, akiitazama rafu badala ya watu, kwamba miguu ya rafu ni zile nguzo, nayo inaweza kubeba mzigo unaoshuka mpaka mwisho wa dunia. Lakini upepo hausukumi kutoka juu, unasukuma ubavuni. Ardhi nayo ikitikisika huivuta nyumba miguu, huku kichwa kikibaki nyuma. Hapo nguzo peke yake hupinda, sakafu moja ikaiacha nyingine. Ubao wa mgongoni haubebi kikombe hata kimoja, lakini ndio unaoikataza rafu kupinda. Ukuta huu ndio ubao huo. Unaupokea msukumo wa ghorofa zote na kuushusha hadi kwenye msingi, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyozidi kuwa mzito, ndiyo maana ukiutoboa chini ni sawa na kumkata mtu vifundo vya miguu na kumwacha amebeba gunia.

Hata mama wa ukili alisimamisha mkono. Ilionekana, kwa kitambo, kwamba wameelewa.

"Kwa hiyo," Waziri akasema polepole, "unatuambia siku zote huu ukuta umekaa hapa unasubiri."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Unasubiri nini?"

"Upepo mkali. Au tetemeko."

Wajumbe wakashusha pumzi. Upepo ulikuwa raia wa kigeni, hilo lilijulikana, kwa kuwa ulivuka mpaka bila kibali. Lakini tetemeko lilikuwa zito zaidi.

"Anayejiandaa kwa jambo," Waziri akasema, "anajua kuwa linakuja. Anayejua kuwa linakuja, ameambiwa. Bibie, ni nani aliyekuambia kuhusu tetemeko?"

Sikudhani akafungua kinywa. Jina pekee lililomjia lilikuwa la Riziki, naye hakulitoa.

Hukumu ikasomwa. Ukuta utakatwa mara moja, na mhandisi atahojiwa baadaye, akiwa na utulivu. Mafundi walikuwa tayari mlangoni, mashine zao za kukatia zege begani. Sikudhani alihesabu kimoyomoyo makarani wa ghorofa ya pili, akafika ya tatu, akashindwa kuendelea. Ghorofa ya kumi walikaa washukiaji wazee siku za mapumziko yao, Mzee Ngwali miongoni mwao, wakicheza bao. Machozi yakamlenga, na akageuza uso kwenye kioo ili wasimwone.

Nje, jua lilikuwa likimpiga askari aliyelinda toroli.

Alilitazama toroli. Akaitazama barabara ilivyopinda kulipisha. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Sikudhani Mlekwa aligeuka akawatazama watu usoni.

"Naushuku ukuta huu," akasema.

Waziri akadhani amesikia vibaya.

"Naushuku rasmi," Sikudhani akasema. "Ni mnene kupita kiasi. Hauna dirisha. Umekataa kujibu kikao. Mheshimiwa umethibitisha mwenyewe kuwa ukuta unajua jambo. Naomba ushikwe, uwekewe askari, na mtu asiuguse mpaka kesi yake iishe."

Mafundi walishusha mashine. Walikuwa watu wa nchi hii, waliijua sheria. Waziri naye aliijua, kwa kuwa aliitunga, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki akiwa mbele za wakwe. Alitafuta mlango wa kutokea, akaupata. Mashaka, alisema, sharti yawe ya kweli. Mtu hawezi kukichora kitu, akakitetea kwa rafu, kisha akakishuku kabla chai haijapoa. Kuna shahidi mmoja tu anayeweza kusema kilichomo moyoni mwa huyu binti.

"Mzee Ngwali. Umekaa nyuma yake miaka yote hii. Umewahi kumwona akiushuku ukuta huu?"

Mzee Ngwali alisimama taratibu, mkono kiunoni. Sikudhani hakugeuka. Alijua kwamba mzee yule aliona kila asubuhi alichokuwa akikifanya, na kwamba alikuwa ameapa, na kwamba hakuwahi kumwacha mtu hata mmoja apite.

"Mheshimiwa," Mzee akasema, "huyu kila siku akifika, kabla hajaweka hata mkoba chini, huupapasa ukuta huu. Huupapasa kwa kiganja, polepole, kama askari wa mlangoni anavyompapasa mtu asiyemwamini. Nilishangaa, nikajisemea, mashaka ya binti huyu hayana likizo."

Akaketi.

*

Ukuta ukashikwa siku ileile. Walipigilia utepe mwekundu kuuzunguka, wakaweka askari pande zote mbili, na kwa kuwa sheria ilitaka kila mshukiwa awe na mshukiaji, Sikudhani akapewa kiti mbele yake. Alikaa hapo kutwa, akiutazama. Nyuma yake alikaa Mzee Ngwali, akikitazama kisogo chake. Kila asubuhi Sikudhani alimwinamishia kichwa akasema, "Nakushuku," na Mzee akajibu, "Nishuku tena," na hakuna aliyejua mwenzake anawaza nini. Huenda Mzee alikuwa akimwekea akiba ya mashaka, Sikudhani alifikiri. Washukiaji wazuri hawachumi tunda bichi.

Siku ardhi ilipopiga makofi, ilikuwa karibu na saa sita, wakati watumishi wa Wizara ya Furaha walipotakiwa kisheria kutoka wote uani kushangilia. Mwanzo vikombe vililia. Kisha sakafu ikaondoka, ikarudi, ikaondoka tena. Vioo vya ghorofa za juu vilipasuka vikanyesha nje. Askari wawili waliutupa ulinzi wakakimbia. Mama wa ukili aliacha mkeka wa miaka mingi, akatoka mbio kupita wote.

Sikudhani hakukimbia. Alikuwa ameinuka na kuuwekea ukuta viganja vyote viwili. Aliusikia ukifanya kazi. Mngurumo wa ghorofa kumi na mbili ulipita ndani yake ukishuka, kama mama anayemeza kilio ili watoto wasisikie, ukaenda ardhini ulikotoka. Ukuta ulipata ufa mwembamba wa mshazari, si mpana kuliko uzi. Haukupinda.

Ng'ambo ya barabara, jumba la Wizara ya Furaha lilikunja magoti pale penye Dirisha la Uwazi. Ghorofa ya chini ikatoweka, na zilizobaki zikainamia barabara. Watumishi wake wote walikuwa uani, mikono hewani, bado wanapiga makofi kwa sababu hakuna aliyewaamuru waache.

Kisha kukawa kimya, na vumbi.

Sikudhani alihisi mtu amesimama karibu. Mzee Ngwali alikuwa ametoka nyuma yake na kuja mbele, jambo ambalo mshukiaji haruhusiwi kulifanya. Kofia yake imeanguka. Alimtazama usoni kama mtu anayesoma kitabu alichokijua kwa jalada tu. Akatazama huku na huku. Palikuwa na wao wawili na ukuta.

"Hujambo, mwanangu?" akauliza.

Sikudhani hakuwa amelisikia neno lile tangu bibi yake alipokufa. Ilimbidi alitafute jibu mbali.

"Sijambo, baba," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba," Mzee akajibu. Akaokota kofia, akarudi kwenye kiti chake, akakitazama kisogo.

*

Jioni redio ilitangaza kwamba ardhi imempigia Mlezi Mkuu makofi ya kihistoria, na kwamba jumba la Wizara ya Furaha limeinama kwa heshima. Waziri wake alipewa nishani ya unyenyekevu. Wizara ya Mashaka, ambayo jumba lake halikuinama, ilitakiwa kujieleza.

Daktari Fumbwe Mkunazi alijieleza vizuri sana. Alisema jumba lilishikiliwa na mshukiwa. Ukuta ule, alisema, umesimama imara wakati wenzake wameinama, na huo ni ushahidi wa mwisho kwamba ulikuwa na taarifa. Mashaka dhidi yake yakaongezwa maradufu, kesi ikaahirishwa hadi tarehe ambayo haikupangwa, na askari wakawa wanne.

Sikudhani akapandishwa cheo. Alipewa gari na madaraka ya kushuku popote nchini. Alizunguka mikoa yote. Alizishuku kuta za hospitali ya wazazi, akazishuku kuta za bweni la wasichana, na shule ya ghorofa iliyosimama juu ya nguzo tupu aliishuku kwa kukosa kuta, mpaka ikaongezewa mbili na hizo nazo zikashikwa siku zege lilipokauka. Popote alipopita aliacha utepe mwekundu na askari mwenye usingizi. Watu walisema nchi haijapata kuzaa mwanamke asiyeamini kitu kama yule. Akina mama waliwatishia watoto kwa jina lake.

Anapokuwa mjini, bado hufika kazini mapema, Mzee Ngwali hatua chache nyuma yake. Karani wa mlangoni, mtu mwangalifu, humzuia kama anavyomzuia kila mtu.

"Unaficha nini, Bi. Sikudhani?"

Miaka yote alikuwa amelijibu swali hilo kwa ukweli mtupu, na wala hawakumwamini. Sasa husimama, humtazama karani machoni bila haya yoyote, na nyuma yake husikia mzee akikohoa kidogo.

"Sifichi kitu," husema, naye karani humpisha apite.